Kusimama mbele ya watu

Bibi ninayemtunza hapa Dedham, jimbo la Massachusetts, hulala akishakula chakula cha mchana. Binti yake hufika saa nane, nami napata saa nzima ya kwangu. Miguu ikiniruhusu natembea hadi kwenye nyumba ya Fairbanks, nasimama kwenye majani na kuitazama. Paa lake limebonyea katikati kama mgongo wa punda aliyebeba mizigo miaka mingi. Wataalamu walihesabu miviringo ya miti iliyojengewa, wakakuta ilikatwa kati ya 1637 na 1641. Nyumba za fremu ya mbao ziko tele Amerika Kaskazini, lakini hakuna iliyosimama hadi leo ambayo ni kongwe kuliko hii.

Mimi ni mtoto wa muuza misumari. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Uchagani, na mpaka leo nikiona nyumba naangalia kwanza imeungwaje. Hii imeungwa kwa kuchongea ulimi wa boriti ndani ya tundu la boriti nyingine na kupigilia kigingi cha mti. Msumari wakati ule ulikuja kwa meli kutoka Uingereza na ulikuwa ghali. Kule Virginia, mwaka 1645 ilibidi itungwe sheria ya kuwazuia wanaohama wasichome nyumba zao ili waokote misumari kwenye majivu. Baba angeipenda sana habari hiyo.

Aliyeijenga ni Jonathan Fairbanks, Mwingereza wa Yorkshire, na mkewe Grace, jina ambalo kwetu ni Neema. Walikuwa na watoto sita. Majina ya watu hawa yalinifanya nijisikie niko nyumbani kabla sijajua lolote lingine kuwahusu: kwenye makaburi na vitabu vyao kuna akina Subira, Rehema, Tumaini na Shukuru kwa Kiingereza chao, kama darasa langu la Kipaimara. Familia ile iliishi humo vizazi vinane, mpaka mwanamke wa mwisho, Rebecca, alipotoka mwaka 1904.

Kilichonigandisha kwa Jonathan si nyumba. Ni jambo moja lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kanisa la Dedham.

Wapuritani walivuka bahari kwa wingi kuanzia 1630. Mwaka ule John Winthrop aliongoza msafara wa meli 11, na katika miaka kumi iliyofuata wakafika watu wapatao 20,000. Walikuja kwa sababu waliona Kanisa la Uingereza limejaa mambo yasiyo na msingi kwenye Biblia, na waliotaka kulisafisha wakaanza kuandamwa. Walipofika hawakutawanyika kila mtu na shamba lake. Walijipanga kwa miji midogo, na kila mji ulianza kwa agano. Lile la Dedham la mwaka 1636 lina vifungu vitano tu. Cha kwanza kinaahidi kuishi kwa kweli moja ambayo msingi wake ni upendo wa milele. Cha pili kinasema watafanya kila njia kuwaweka mbali wenye nia tofauti na yao. Cha tatu kinasema watu wakigombana, ugomvi upelekwe kwa mwenzao mmoja, wawili au watatu wauamue bila kuchelewa. Mangi, chifu wa kwetu Uchagani, na wazee wake wangekitia sahihi hicho cha tatu bila swali.

Halafu wakaanza kuunda kanisa, na hapo walikuwa na subira ya ajabu. Walikutana kila wiki nyumba kwa nyumba, kama jumuiya zetu zinavyozunguka, wakiulizana maswali kuhusu imani ili wajuane. Ilichukua karibu mwaka mzima. Novemba 1638 wanaume 8 ndio walioonekana wanafaa kuwa mawe ya msingi. Wengine waliotaka kuingia walipaswa kutoa ushuhuda. Kubatizwa na kuhudhuria ibada havikutosha. Ulisimama mbele ya waumini ukaeleza jinsi neema ilivyokushika: lini uliziona dhambi zako, lini ulikata tamaa, lini ulipata tumaini. Wakakuhoji. Wakiridhika, unaingia. Na tangu 1631 mwanaume asiye mshirika wa kanisa hakuruhusiwa kupiga kura ya koloni zima, kwa hiyo ushuhuda ule ulikuwa mlango wa mambo mengi.

Jonathan Fairbanks hakuingia. Kumbukumbu zinaeleza kwamba alijiweka kando muda mrefu, moyo ukisita kuhusu kukiri imani hadharani. Wenzake hawakumfukuza. Walikwenda kuongea naye, wakarudi tena, wakarudi tena, mazungumzo ambayo mwandishi ameyaita ya upendo. Mwaka 1646 ndipo akakubali, akapokelewa. Miaka minane mtu alikuwa akisali na watu wale wale kila Jumapili, saa za mahubiri asubuhi na saa za mahubiri alasiri, ndani ya nyumba ya mkutano isiyo na moto, na bado hakutaka kusimama mbele yao afungue moyo.

Ninamwelewa mzee huyo.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita. Dada yangu mkubwa alipata mimba akiwa hajaolewa. Usharika wetu ulimtenga, kama ilivyokuwa desturi, na mtoto alipozaliwa ikabidi dada arudi kundini ili mtoto abatizwe. Kurudi kundini maana yake ni kwamba Jumapili, katikati ya ibada, jina lako linatajwa, unatoka kwenye benchi, unakwenda mbele. Alivaa viatu vya mama. Vilikuwa vikubwa kwake, na kila hatua kisigino kilichomoka. Nilikuwa benchi la tatu, na macho yangu hayakutoka kwenye visigino vile. Mchungaji akasoma maneno, dada akaulizwa maswali, akajibu "ndiyo" kwa sauti ambayo haikufika kwetu. Kwaya ikaimba. Akarudi kukaa.

Nimeishi na visigino vile miaka mingi, na nadhani ndiyo sababu watu hawa wa karne ya 17 wamenishika hivi. Walikuwa na desturi hiyo hiyo. Aliyekosa alionywa mbele ya kanisa. Asipotubu alitengwa. Akitubu, alisimama akakiri kwa kinywa chake, na waumini wakapiga kura ya kumrudisha.

Sasa niwaeleze habari ya Robert Keayne, maana huyu nimemkalia miezi.

Alikuwa mtoto wa mchinjaji, aliyezaliwa Windsor mwaka 1595, akafanya biashara London, akapata mali. Alifika Boston mwaka 1635 na mkewe Anne, ambaye dada yake alikuwa mke wa mchungaji wa Boston. Akafungua duka la bidhaa za kutoka Uingereza. Kanisani alikaa na kalamu, akaandika mahubiri neno kwa neno. Mwaka 1638 alikuwa kapteni wa kwanza wa kikosi cha mizinga cha mji. Mtu mzito, mtu wa mbele.

Novemba 1639 akashtakiwa mbele ya Baraza Kuu, ambalo lilikuwa bunge na mahakama kwa pamoja. Kosa lake: kuuza ghali. Walisema alikuwa akipata faida ya zaidi ya peni sita kwa kila shilingi, na shilingi ilikuwa na peni 12. Kwa baadhi ya vitu zaidi ya peni nane. Kwa vitu vidogo vidogo zaidi ya mara mbili. Kwa lugha yetu tungesema walimshtaki kwa ulanguzi.

Nikisikia neno hilo bado tumbo linanikaza. Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, nilikuwa mtoto mdogo lakini nakumbuka baba alivyohesabu mabati yake usiku kwa taa ya chemli, akilinganisha na kaunta buku, akihesabu tena. Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa anaogopa kosa la hesabu. Baadhi ya wafanyabiashara walitupa mali porini kwa hofu ile.

Ndiyo maana nilipofika kwenye sehemu ya misumari ya Keayne nilisimama kusoma nikaenda kuchemsha chai kwanza. Moja ya mambo yaliyomchafua ni daftari. Aliuza mfuko wa misumari kwa mkopo, peni nane kwa ratili. Mteja akaona ni midogo, akairudisha, akachukua mikubwa zaidi, ya peni kumi kwa ratili. Keayne akasahihisha daftari: nane ikawa kumi. Watu walichoona ni tarakimu iliyobadilishwa. Na fedha yenyewe, anasema, aliisubiri kwa miaka. Mtu yeyote aliyewahi kukopesha misumari anajua tukio hilo. Mteja anakuja na fundi wake, wanachukua ya inchi tatu, kesho wanarudisha wanataka ya inchi nne, unakata kwa kalamu unaandika juu yake, na siku ya kulipa anakwambia, "Mbona hapa pamekatwa?"

Winthrop mwenyewe, aliyekuwa gavana, aliandika kwamba hapakuwa na sheria iliyoweka kikomo cha faida, na kwamba wafanyabiashara kila nchi walifanya vile vile. Lakini aliandika pia kilichowauma watu: huyu ni mzee wa injili, tajiri, mwenye mtoto mmoja tu, aliyesema amekuja huku kwa ajili ya dhamiri. Wakamtoza faini ya pauni 200. Baadaye ikapunguzwa hadi 80.

Kisha ikaja zamu ya kanisa. Keayne akasimama mbele ya waumini na kwa machozi akakiri moyo wake wa tamaa. Wengine walitaka atengwe kabisa. Kanisa likaamua kumpa onyo tu.

Mchungaji John Cotton akachukua nafasi hiyo kufundisha kuhusu bei, na mafundisho yale nimeyarudia sana. Alisema ni uongo kwamba mtu anaweza kuuza ghali kadiri awezavyo na kununua rahisi kadiri awezavyo. Ukipata hasara baharini, usiwabebeshe wateja wako hasara hiyo kupitia shehena iliyobaki. Kama ulinunua ghali kwa kutojua, hiyo ni hasara yako. Lakini bidhaa ikiadimika, bei inaweza kupanda, kwa sababu hapo mkono wa Mungu uko juu ya bidhaa wala si juu ya mtu. Sijawahi kusikia mahubiri ya namna hiyo kanisani maisha yangu yote, na ningependa kuyasikia. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka, ninajua bati likiwa adimu wiki baada ya upepo mkali kinachopita moyoni mwa mwenye duka ni kitu gani. Watu wale walidhani bei ya msumari ni jambo la Mungu. Walikuwa sahihi.

Na bado naamini walimkosea Keayne. Walimhukumu kwa kikomo ambacho hakikuwa kimewekwa, na walichukua toba yake bila kumrudishia heshima yake. Habari ya nguruwe ndiyo inayonishawishi.

Mwaka 1636 nguruwe jike aliyepotea aliletwa kwa Keayne. Akamtangaza mjini, hakuna aliyejitokeza, akamfuga karibu mwaka. Baadaye akachinja nguruwe mmoja wake. Ndipo mama mmoja, Bi Sherman, ambaye mumewe alikuwa Uingereza, akaja kumdai. Alionyeshwa yule aliyepotea, akasema si wake. Kisha akasema basi wake ni yule aliyechinjwa. Kanisa lilisikiliza kesi likamsafisha Keayne. Mahakama ya chini ikamsafisha, naye akamshtaki mama yule kwa kumchafulia jina, akashinda pauni 20. Ulitegemea yaishe hapo. Lakini baada ya aibu ya 1639, nguruwe alifufuka. Mwaka 1642 Bi Sherman alilifikisha jambo mbele ya Baraza Kuu, wakalisikiliza siku saba nzima. Mahakimu 2 na wajumbe 15 walikuwa upande wa mama. Mahakimu 7 na wajumbe 8 upande wa Keayne. Wajumbe 7 waliobaki hawakujua washike lipi. Wananchi walimchukia tajiri, na wakubwa walisimama kwenye ushahidi. Mvutano kuhusu nani ana neno la mwisho ukaendelea mpaka mwaka 1644 Baraza likagawanyika kuwa mabunge mawili, na mpaka leo Massachusetts ina mabunge mawili. Yote yalipitia kwa nguruwe.

Kanisa lile lilijua kumsimamisha mtu. Kumkalisha tena halikujua. Tarehe 1 Agosti 1653, miaka kumi na minne baada ya kulia mbele ya watu, Keayne alianza kuandika wosia wake. Ulifika kurasa 158. Ndani yake aliacha fedha, pauni 300, za kujenga jumba la mji lenye soko, vyumba vya mahakama na maktaba, na jumba likajengwa. Lakini kurasa nyingi ni za kujitetea. Misumari imo, pamoja na nane iliyobadilishwa kuwa kumi. Mzee anakaribia kufa, amekaa mezani, anawaeleza watu watakaosoma baada ya mazishi kwamba mteja alibadilisha mfuko. Alifariki Machi 1656. Leo pale palipokuwa na jumba lake kuna jengo la kale la serikali ya jimbo, katikati ya Boston, na watalii hupiga picha mbele yake. Nilikwenda Jumamosi moja kwa treni nikasimama pale kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine kumhusu ambalo halinipi raha. Machi 1638, kanisa lile lile la Boston lilimsimamisha Anne Hutchinson. Alikuwa mkunga, mama wa watoto 15, na alikuwa akikusanya watu nyumbani kwake kujadili mahubiri. Wakasema mafundisho yake yanabomoa kanisa. Serikali ilikuwa imekwisha kumhukumu kufukuzwa; sasa kanisa likamtenga, likamwambia atoke kama mwenye ukoma. Alipoinuka kutoka, mwanamke mmoja kijana, Mary Dyer, aliinuka akatoka naye. Watu wote waliobaki wamekaa, yule mmoja ameinuka. Dyer alikuja kunyongwa Boston mwaka 1660 kwa kuwa Mkweka, muumini wa dhehebu jingine la Kikristo, na kukataa kukaa mbali. Na yaliyosemwa kanisani siku ile ya Hutchinson tunayajua kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa amekaa benchi lake alikuwa akiandika, kama kawaida yake. Ni Keayne. Aliandika neno kwa neno namna mwanamke anavyotengwa, na mwaka uliofuata akasimama yeye.

Mwezi mmoja tu kabla ya kesi hiyo, Februari 1638, meli iitwayo Desire ilitia nanga Boston. Ilikuwa imewapeleka visiwani Karibi mateka wa kabila la Pequot, waliokamatwa kwenye vita ambavyo kijiji chao cha Mystic kilichomwa moto na watu wake ndani. Ilirudi na pamba, tumbaku na Waafrika. Mwaka 1641 sheria za koloni zikaruhusu utumwa kwa maandishi. Agano la upendo wa milele lilikuwa na ukuta, na mimi najua ningekuwa upande gani wa ukuta.

Lakini mwaka huo huo wa 1641, mwezi wa Aprili, Winthrop aliandika kwenye shajara yake kwamba mjakazi Mwafrika wa bwana mmoja huko Dorchester, Stoughton, amepokelewa kanisani na kubatizwa, baada ya kuthibitika kwa miaka kadhaa kuwa na ujuzi wa kweli na ucha Mungu. Hakuandika jina lake. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko yote. Mwanamke aliyeletwa kwa nguvu ng'ambo ya bahari alichunguzwa kwa miaka na watu wale, kwa lugha aliyojifunza ukubwani, na wakaridhika. Jonathan Fairbanks wakati huo bado alikuwa anasita.

Wenyeji wa nchi nao walisimamishwa. Kabla Wapuritani hawajafika, kati ya 1616 na 1619, maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu yalikuwa yamewamaliza watu wengi wa pwani ile, na mashamba mengi ambayo wageni waliyaona matupu yalikuwa mashamba ya marehemu. John Eliot alijifunza lugha yao, na mwaka 1651 akawaanzishia mji wa Natick, si mbali na hapa. Mwaka 1652 walitoa ushuhuda wao mbele ya wachungaji, mmoja mmoja. Haukutosha. Walitoa tena. Kanisa lao likaundwa 1660, miaka minane ya kusubiri. Kisha vita kati ya wenyeji na walowezi vilipolipuka 1675, watu wa Natick, waliobatizwa, waliosali kwa Biblia iliyochapishwa kwa lugha yao, walipakiwa kwenye mashua usiku wakapelekwa kisiwa cha Deer kwenye bandari ya Boston, na wengi walikufa kwa baridi na njaa. Hakuna agano lililowalinda. Hilo siwezi kuliandika kwa utulivu.

Wa mwisho ni Samuel Sewall. Alikuwa mmoja wa mahakimu wa Salem mwaka 1692, wakati watu 19 waliponyongwa kwa tuhuma za uchawi na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Sewall ndiye aliyetuachia shajara ninayoipenda. Januari 1686 aliandika kwamba baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mkate wa Meza ya Bwana uligandishwa, ukawa unagonga kwenye sahani ukivunjwa. Mwaka 1696 alizika watoto wawili, mmoja akiwa amezaliwa mfu. Tarehe 24 Desemba mwaka huo mwanawe alikariri mbele yake kwa Kilatini mstari wa Mathayo 12:7, ule wa "Nataka rehema, wala si sadaka", unaoishia kwa wasio na hatia waliohukumiwa. Sewall aliandika kwamba ulimkumbusha Salem kwa namna ya kutisha.

Tarehe 14 Januari 1697 ilikuwa siku ya mfungo kwa koloni zima. Mchungaji alipopita, Sewall alimkabidhi karatasi. Mchungaji akaisoma kwa sauti, na Sewall akasimama kwenye kiti chake muda wote ikisomwa. Ilisema anataka kubeba lawama na aibu ya mambo yale, anaomba msamaha wa watu na wa Mungu. Iliposomwa ikaisha akainamisha kichwa, akakaa. Hakuna aliyemwita. Kati ya mahakimu wote wa Salem ni yeye peke yake aliyefanya hivyo kanisani. Mwaka 1700 alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa wa Waafrika, wakati karibu kila tajiri aliyekaa naye kanisani hakutaka kusikia.

Wiki iliyopita nilimpigia dada. Ndiye aliyerithi duka la baba. Huku ilikuwa saa nane mchana, kwake saa tatu usiku, alikuwa anafunga hesabu. Nikamsimulia kwanza habari ya Keayne, na kabla sijamaliza akasema, "Huyo mzungu ana haki. Angemsainisha mteja pale pale alipokata." Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamsimulia na mengine: kusimama, kukiri, kupigiwa kura. Nilichagua maneno. Hatujawahi kuzungumza kuhusu Jumapili ile, si mara moja.

Akaniuliza, "Na kwa mimba, walifanyaje?"

Nikamwambia waliwasimamisha. Wenye ndoa ambao mtoto alizaliwa mapema mno baada ya harusi walikiri wote wawili, mke na mume, ndipo mtoto akabatizwa. Na asiye na mume, mkunga alimuuliza jina la baba wakati uchungu umepamba moto, maana waliamini saa ile mtu hawezi kudanganya. Aliyetajwa alilipa matunzo ya mtoto kwa sheria.

"Wote wawili," akasema.

"Wote wawili."

Nikasikia droo ya fedha ikifungwa, na ufunguo.

"Siku ile alikuwa kwenye kwaya," akasema. "Besi. Wakati narudi kukaa nilimsikia."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja. Nilikosa la kusema. Akaniuliza kama huku baridi imeanza, nikamwambia imeanza.